Kipanya cha Mkono wa Kushoto katika Michezo ya Kompyuta

Kipanya ni kifaa kidogo kinachosukumwa juu ya meza ili kishale kisogee kwenye skrini, na kwa mtu anayeandika barua au kujaza jedwali la hesabu haijalishi sana kimeshikwa kwa mkono upi. Katika michezo ya kompyuta hali ni tofauti, kwa kuwa humo kipanya hulenga shabaha, hugeuza uso wa mhusika, hufyatua risasi na kutoa amri, tena kwa kasi inayopimwa kwa sehemu ndogo za sekunde, hivyo umbo la kifaa na mkono unaokishika huwa sehemu ya uwezo wa mchezaji. Hapo ndipo shida ya mashoto, yaani mtu ambaye mkono wake mwepesi na wenye nguvu zaidi ni wa kushoto, inapojitokeza: vipanya vinavyotengenezwa mahususi kwa michezo karibu vyote vimekusudiwa mkono wa kulia, na vichache vinavyosemwa kufaa mikono yote miwili mara nyingi havitimizi ahadi hiyo. Maelezo yanayozoeleka ni kwamba mashoto ni wachache mno kwa soko kuwajali. Maelezo hayo hayakosi ukweli, ila yana upungufu wa namna mbili. Kwanza, uchache unaohesabiwa na soko ni wa watu ambao wengi wao walikwisha kuhamishiwa mkono wa kulia kabla hesabu haijaanza. Pili, kipanya ni upande mmoja tu wa jambo lenyewe, na upande wa pili, ambao husahaulika, ni kibodi.

Kabla ya kuendelea ni lazima maumbo yatenganishwe, maana lugha ya matangazo huyachanganya. Kipanya kilichochongwa kwa mkono wa kulia huwa na mgongo unaoshuka kuelekea kulia ili kiganja kilale kwa mshazari, na ubavu wake wa kushoto huwa na bonde la kupokea kidole gumba pamoja na vitufe viwili au zaidi juu ya bonde hilo. Kipanya halisi cha mkono wa kushoto ni sura ya hicho cha kwanza kama ionekanavyo kwenye kioo. Kati ya viwili hivyo kuna kipanya linganifu, ambacho nusu yake ya kulia na ya kushoto zinafanana, na hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuangalia kwa makini, kwa sababu ulinganifu wa umbo si lazima uwe ulinganifu wa vitufe. Vipo vipanya linganifu vyenye vitufe vya pembeni kwenye mbavu zote mbili, na vipo vingine, ambavyo siku hizi ndivyo vingi zaidi, vyenye vitufe upande wa kushoto peke yake. Mashoto akishika hivi vya mwisho, vitufe vilivyokusudiwa kidole gumba humwangukia chini ya kidole cha pete na kidole cha mwisho, vidole ambavyo kazi yao ni kukibana kifaa na kukinyanyua, wala si kubofya. Kuviita vipanya hivyo vya mikono miwili ni kutumia nusu ya maana ya maneno.

Upendeleo huu haukuwapo tangu mwanzo. Kipanya cha kwanza, kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English mwaka 1964 katika taasisi ya Stanford Research Institute huko California, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, na umbo lake halikuchongwa kwa ajili ya kiganja chochote. Vipanya vya kompyuta za Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984, vyote vya kampuni ya Apple, vilikuwa na kitufe kimoja tu na pembe za mraba, kwa hiyo mashoto alihitaji kukihamisha kifaa kutoka upande mmoja wa kibodi hadi wa pili, basi. Lakini katika onyesho la tarehe 9 Desemba 1968 mjini San Francisco, ambamo Engelbart aliutambulisha uvumbuzi wake hadharani, kulionekana jambo ambalo lina uzito zaidi kuliko umbo: mkono wake wa kulia ulishika kipanya, na wa kushoto ulikaa juu ya kifaa kingine chenye vitufe vitano vilivyobonyezwa kwa michanganyiko mbalimbali ili kutoa herufi na amri. Mkono mmoja huelekeza, mwingine huamuru. Kifaa hicho cha vitufe vitano kilitoweka madukani, ila mgawanyo wa kazi ulibaki, na michezo ya kompyuta iliurithi karibu mzima mzima miaka 30 hivi baadaye.

Katika miaka ya 1990 watengenezaji walianza kuvichonga vipanya vya ofisini vifuate mkunjo wa kiganja, na kiganja kilichochaguliwa, kama ilivyotazamiwa, kilikuwa cha kulia. Vipanya vya michezo vilifuata njia hiyo kwa kuchelewa kidogo. Boomslang ya kampuni ya Razer, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kipanya cha kwanza kuuzwa mahususi kwa wachezaji, ilikuwa pana, bapa na linganifu. DeathAdder ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka mwaka 2006, ilichongwa kwa mkono wa kulia na ikawa mojawapo ya maumbo yaliyoigwa mno katika fani hii. Mwaka 2010 kampuni ilitoa toleo la DeathAdder la mkono wa kushoto. Naga, kipanya chenye vitufe 12 ubavuni kwa ajili ya michezo ya mtandaoni ambamo mchezaji huwa na amri nyingi za kutoa, kilitoka mwaka 2009 kwa mkono wa kulia. Toleo lake la kushoto lilifuata mwaka 2012, kisha jingine jipya mwaka 2020. Majina hayo yakiwekwa pamoja yanaonyesha mwenendo wa matoleo ya kushoto, ambayo huja baada ya yale ya kulia kufanikiwa, hukaa sokoni kwa muda, huondolewa, kisha husubiriwa tena kwa miaka. Mashoto aliyezoea umbo fulani hana uhakika kwamba atalikuta dukani siku kifaa chake kitakapochakaa.

Kwa mashoto wengi, basi, tegemeo limekuwa vipanya linganifu vyenye vitufe pande zote. SteelSeries ilikuwa na Sensei, iliyoanza mwaka 2011 na kuendelezwa hadi Sensei Ten ya mwaka 2019. Logitech ilitoa G900 mwaka 2016 na G Pro Wireless mwaka 2018, vyote vikiwa na vitufe vya pembeni vinavyoweza kuchomolewa na kuhamishiwa upande mwingine, na mahali pasipotumika hufunikwa kwa kipande laini cha plastiki. Ubunifu huo wa Logitech pengine ndio jawabu bora zaidi lililowahi kutolewa, kwa sababu uliondoa kasoro ya muda mrefu ya vipanya vya aina hii, ambayo ni kwamba vitufe vya upande usiotumika hubonyezwa kwa bahati mbaya na kidole cha pete pale mchezaji anapokaza mshiko. Razer nayo ilitoa Viper mwaka 2019, yenye uzito wa gramu 69 na vitufe pande zote mbili.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kinaeleza jinsi mashoto wanavyoweza kupoteza nafasi bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya nao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010 ushindani wa vipanya vya michezo uligeuka kuwa ushindani wa wepesi, kwa hoja kwamba kifaa chepesi husimama na kuanza kwenda upesi zaidi, na uzito ukawa tarakimu ya kwanza kwenye tangazo. Kila kitufe cha pembeni kina swichi yake, kibao chake kidogo cha umeme au tawi la kibao kikuu, kipande chake cha plastiki na mhimili wa kukishikilia, na vyote hivyo vina uzito. Mhandisi aliyeagizwa apunguze gramu chache akitafuta kitu ambacho wateja wengi hawatakikosa, jicho lake huangukia vitufe viwili vya ubavu wa kulia. G Pro Wireless ilikuwa na gramu 80. Mrithi wake wa mwaka 2020, G Pro X Superlight, ilishuka chini ya gramu 63, na vitufe vya kulia havikuwepo tena. Viper Ultimate isiyo na waya ya mwaka 2019 ilikuwa na gramu 74. Viper V2 Pro ya mwaka 2022 ilifika gramu 58, nayo ikaja na vitufe upande wa kushoto tu. Ndani ya miaka mitatu hivi vipanya viwili mashuhuri vilivyomfaa mashoto viliendelea kuwa na umbo linganifu huku vikiacha kumfaa. Mwaka 2024 Logitech ilitoa G Pro 2, ikarudisha vitufe vya kuhamisha, lakini kwa kipanya kizito kuliko vile vyepesi vya daraja la juu, jambo linalomlazimisha mashoto achague kati ya wepesi na vitufe, uchaguzi ambao mwenzake wa kulia haulizwi.

Hata hivyo si kila mashoto anayekitaka kipanya cha kushoto, na uchambuzi unaolipuuza hilo hupotoka. Idadi ya mashoto duniani imepimwa mara nyingi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020, yakijumuisha zaidi ya watu milioni 2, yalipata wastani wa asilimia 10.6, huku yakionyesha kwamba kiwango hupanda au kushuka kati ya asilimia 9.3 na 18.1 kulingana na jinsi umashoto unavyopimwa. Mabadiliko hayo yanatokana na ukweli kwamba umashoto si hali ya ndiyo au hapana. Dodoso linalotumika sana, lililotungwa na mwanasaikolojia R. C. Oldfield mwaka 1971, huuliza kuhusu kazi 10, zikiwemo kuandika, kurusha kitu, kushika kijiko, kufagia na kuwasha kiberiti, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuandika kwa mkono huu na kurusha kwa ule. Rafael Nadal, anayefahamika kwa kucheza tenisi kwa mkono wa kushoto, huandika kwa mkono wa kulia. Kipanya hakimo katika dodoso la Oldfield, nalo ni la zamani kuliko kompyuta za nyumbani, ila jambo linalodhihirika popote penye kompyuta ni kwamba mashoto wengi wanaoandika kwa kushoto hushika kipanya kwa kulia bila kuhisi kwamba wameonewa.

Sababu yake ni mazoea zaidi ya maumbile, ingawa maumbile nayo yana neno. Mtafiti Mfaransa Yves Guiard, katika makala ya mwaka 1987, alipendekeza kwamba mikono miwili haifanyi kazi moja kwa viwango tofauti bali hufanya kazi tofauti zinazotegemeana: mkono usio mkuu huweka msingi, hushikilia na kutangulia, na mkono mkuu hufanya kazi ya mwisho iliyo ndogo na sahihi ndani ya msingi huo. Mwenye kuandika husogeza karatasi kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine. Mwenye kukuna nazi hushika kifuu na kukizungusha kwa namna moja na kukikandamiza kwenye meno ya mbuzi kwa namna nyingine. Ukipimwa kwa nadharia hiyo, mchezo wa kompyuta hauna mpangilio ulio wazi kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kipanya kina usahihi wa kulenga, wakati kibodi ina vidole vitatu au vinne vinavyobonyeza kwa mdundo na kwa mfuatano mgumu. Mchezaji wa kulia ameupa mkono wake dhaifu kazi nzito ya vidole, na amezoea kiasi kwamba haioni tena kuwa nzito. Mashoto anayeshika kipanya kwa kulia, kwa upande wake, huwa na mkono wake bora juu ya kibodi, na katika michezo inayodai amri nyingi kwa dakika huenda hilo likawa faida.

Majaribio yaliyofanywa na Paul Kabbash, Scott MacKenzie na William Buxton na kuchapishwa mwaka 1993 yanaongeza jambo. Watafiti hao walilinganisha mikono yote miwili katika kuelekeza na kuburuta kwa kipanya na vifaa vingine, wakagundua kwamba ubora wa mkono mkuu huonekana zaidi katika shabaha ndogo na miendo mifupi, ilhali kwa kazi zisizodai usahihi mkubwa mkono wa pili hauachwi nyuma. Matokeo hayo yakihamishiwa kwenye michezo, maana yake ni kwamba aina ya mchezo ina uzito kuliko inavyosemwa. Katika michezo ya mikakati, ambamo mchezaji huchagua vikosi vyenye alama kubwa na kuvituma mahali fulani, mkono unaoshika kipanya hauwezi kuwa kikwazo kikubwa. Katika michezo ya ufyatuaji, ambamo ulimwengu huonekana kwa macho ya mhusika na kichwa cha adui aliye mbali ni nukta chache za skrini, unaweza kuwa. Ndiyo maana malalamiko makali kuhusu uhaba wa vipanya vya kushoto hutoka kwa wachezaji wa aina hii ya pili.

Lakini mashoto akishakata shauri na kukipata kipanya chake, mkono wake wa kulia hujikuta mbele ya kibodi isiyoutarajia. Mwaka 1996 mchezo wa Quake ulipotoka, mwendo uliwekwa kwenye vitufe vya mishale, vilivyoko kulia kwa kibodi, na kwa muda mfupi mashoto alikuwa na mpangilio uliomkaa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote: kipanya kushoto, mishale kulia, mabega yamenyooka. Kisha wachezaji bora walihamia herufi W, A, S na D zilizoko kushoto, na mpangilio huo ulipata umaarufu hasa kupitia Dennis Fong, bingwa aliyeshinda gari la Ferrari la mtengenezaji wa mchezo huo, John Carmack, mwaka 1997. Mantiki yake ilikuwa njema, kwa kuwa herufi hizo zimezungukwa na vitufe vingine vingi vya kutumiwa, tofauti na mishale iliyotengwa peke yake. Michezo iliyofuata iliufanya mpangilio huo kuwa wa kuanzia, na tangu hapo amri zote za ziada, kuanzia kuinama hadi kubadilisha silaha, zimepangwa kulizunguka eneo hilo.

Mashoto ana njia kadhaa, na hakuna iliyo kamili. Anaweza kuisukuma kibodi kulia na kuuweka mkono wa kulia juu ya herufi zilezile, lakini hapo kidole cha shahada hukaa juu ya A na kidole cha pete juu ya D, hivyo kila mazoezi yaliyoandikwa kwa ajili ya wengine hugeuka kinyume, na vitufe vya pembeni kabisa kama vile cha kuhamisha herufi kubwa huangukia kidole gumba au kidole cha shahada. Anaweza kuhamia I, J, K na L, eneo linaloonekana kuwa kioo cha lile la kushoto. Lakini si kioo halisi. Safu za vitufe vya kibodi, kwa urithi wa mashine za chapa, hazikupangwa wima bali kila safu ya juu imesogea kidogo kushoto kuliko ile ya chini yake. Kidole cha kati kikitoka S kwenda W huelekea kushoto, na kikitoka K kwenda I huelekea kushoto vilevile, ingawa kwa mkono wa pili mwelekeo wa kioo ungekuwa kulia. Tofauti ni ya milimita chache, lakini kidole huihisi. Wengine hutumia vitufe vya tarakimu vilivyoko kulia kabisa, ambavyo vimepangwa kwa safu zilizonyooka na vina vitufe vikubwa kando, na kwa maoni ya haki hiyo ndiyo sehemu ya kibodi iliyomfaa mashoto kuliko zote, ingawa michezo kadhaa ya zamani haikubali vitufe hivyo vipewe kazi nyingine na kibodi fupi zinazopendwa siku hizi zimevifuta. Zipo pia kibodi ndogo za mkono mmoja. Nyingi, kama Tartarus ya Razer, zimejengwa kwa mkono wa kushoto pekee, ilhali kampuni ya Azeron ya Latvia hutoa zake kwa mkono wowote.

Kwa hiyo ruhusa ya kubadilisha vitufe ndani ya mchezo ina thamani kwa mashoto kuliko umbo la kipanya. Miongozo ya ufikivu wa michezo iliyotolewa mwaka 2012 na kundi la wasanifu, wataalamu na wasomi iliiweka ruhusa hiyo katika ngazi ya msingi kabisa, yaani miongoni mwa mambo yaliyo rahisi kutekelezwa na yanayowafaa watu wengi. Bado ipo michezo inayoruhusu mabadiliko nusu nusu, kwa mfano kwa kuzuia kitufe cha kuingiza kisipewe kazi nyingine, au kwa kuendelea kumwambia mchezaji abonyeze E wakati amekwisha kuihamishia kazi hiyo kwenye O. Upo pia mtego wa vitufe vya kipanya vyenyewe. Programu ya Windows humruhusu mtumiaji abadilishane kitufe cha kushoto na cha kulia ili kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kiwe ndicho kibofyaji kikuu, lakini michezo mingi husoma ishara moja kwa moja kutoka kwenye kifaa na kuupita mpangilio huo wa mfumo, matokeo yake ni kwamba kitufe kilekile hufanya kazi moja kwenye menyu na nyingine vitani. Suluhisho safi zaidi ni kipanya chenye kumbukumbu yake ndani, ambacho hubadilishana vitufe kabla ishara haijafika kwenye kompyuta. La sivyo mashoto hulazimika kubadilisha ndani ya kila mchezo, mmoja mmoja.

Swali jingine linahusu kile kinachoonekana kwenye skrini. Katika michezo ya ufyatuaji silaha huchorwa upande wa chini kulia, ikishikwa kwa mkono wa kulia wa mhusika, na mchezaji anayelenga kwa mkono wa kushoto huweza kuona kwamba mwili wake na picha havielekezani. Counter-Strike tangu matoleo yake ya mwanzo ilikuwa na amri ya kuipeleka silaha kushoto. Counter-Strike 2 ilipotolewa Septemba 2023 uwezo huo haukuwepo, na ulirudishwa Aprili 2024, safari hii ukiwa na kitufe cha kuibadili silaha upande katikati ya mchezo. Hapo wachezaji wa mkono wa kulia nao walipata sababu ya kuutumia, kwa kuwa silaha iliyochorwa kushoto haizibi upande wa kulia wa skrini pale mtu anapochungulia kwenye kona. Kisa hiki kina kinyume chake. Mhusika Link wa michezo ya Zelda, ambayo ilianza mwaka 1986 chini ya Shigeru Miyamoto, mwenyewe mashoto, alikuwa akishika upanga kwa mkono wa kushoto kwa miaka mingi. Mwaka 2006, Twilight Princess ilipoandaliwa kwa ajili ya mashine ya Wii, ambayo mchezaji wake huupunga mkono kama anayeshika upanga, kampuni ya Nintendo iliona kwamba wanunuzi wengi watatumia mkono wa kulia, ikaugeuza mchezo mzima kama kwenye kioo, milima, majengo na ramani zote, huku toleo la GameCube likibaki na Link wa kushoto. Ulimwengu mzima uligeuzwa kwa ajili ya mkono wa wengi, jambo linaloonyesha kwamba ugumu wa kiufundi si sababu ya kweli pale faida inapoonekana.

Katika plastiki hesabu ni tofauti, na ni haki kuwasikiliza watengenezaji. Umbo jipya hudai kalibu mpya ya chuma ya kumiminia plastiki, ambayo ni ghali na hulipwa kabla kipanya cha kwanza hakijauzwa, pamoja na kibao cha umeme kilichogeuzwa, majaribio, vifungashio na akiba ya kuhifadhi ghalani. Kati ya asilimia 10 hivi ya mashoto, wanaocheza kwa kompyuta ni sehemu, na wanaoshika kipanya kwa kushoto ni sehemu ya sehemu hiyo. Hata hivyo sehemu ya mwisho haikushuka kutoka mbinguni. Mtoto mashoto anayejifunza kompyuta kwenye mashine ya familia au ya shule hukuta kipanya kikiwa kulia, mara nyingi kikiwa kimechongwa kwa mkono huo, naye huzoea; akifikia umri wa kununua chake, hununua cha kulia; mtengenezaji akiangalia mauzo huona mashoto hawapo, na hukithibitisha kile alichokisababisha. Ulinganisho mzuri uko kwenye simu. Katika PUBG Mobile na Free Fire, ambayo vijana wengi wa Afrika ya Mashariki huicheza kuliko mchezo wowote wa kompyuta ya mezani, vitufe ni picha tu kwenye kioo, na mchezaji huvihamisha kwa kidole hadi mahali anapotaka bila gharama kwa yeyote. Penye uhuru huo hakuna aliyelazimika kubishana kama mashoto wanatosha kuhesabiwa.

Katika Afrika ya Mashariki mzunguko huo huanza mapema zaidi, nje ya kompyuta. Mkono wa kushoto umewekewa mipaka ya adabu katika kula, kupokea na kusalimia, na wazazi na walimu wengi wamekuwa wakimhamisha mtoto aandike kwa kulia. Utafiti uliofanywa katika nchi jirani ya Malawi na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wengi walioulizwa waliona mashoto anapaswa kulazimishwa kubadilika. Mtoto aliyepitia malezi hayo hahitaji kuambiwa ashike kipanya kwa mkono gani. Aliyeponea nyumbani hukutana na kompyuta ya wote, iwe ya maabara ya shule au ya saiba, ambapo mpangilio hubadilishwa kwa dakika chache na lazima urudishwe kwa ajili ya anayefuata, na ambapo waya wa kipanya mara nyingine haufiki upande wa pili wa kibodi. Lipo, hata hivyo, jambo la kuchekesha kidogo: vipanya vya bei ya chini kabisa vinavyojaa kwenye maduka ya Kariakoo na ya barabara ya Luthuli mjini Nairobi, vile vyenye vitufe viwili, gurudumu na mgongo wa mviringo, karibu vyote ni linganifu, kwa sababu umbo moja linalomfaa kila mtu ndilo rahisi kutengeneza. Uchongaji wa kulia huanza pale bei inapopanda. Mashoto mwenye fedha kidogo huhudumiwa na soko vizuri kuliko mwenye nyingi.

Kwa mchezaji anayepima la kufanya, umri wa mazoea yake ndio kigezo kikuu. Mashoto aliyetumia mkono wa kulia kwa miaka 10 hana sababu ya kutosha ya kuhama, isipokuwa kifundo cha mkono kikiuma na mapumziko yakihitajika, kwa kuwa ustadi wa kulenga hujengwa na marudio mengi ambayo hayahamishiki kwa mkono wa pili kwa wiki chache. Anayeanza, na ambaye kila kazi ndogo ya usahihi huifanya kwa kushoto, anastahili kujaribu kushoto kwanza, tena kwa kipanya linganifu cha bei nafuu, akipanga vitufe vya kibodi kabla ya kununua chochote cha ghali. Kama atagundua kwamba mkono wake wa kulia hauwezi kabisa kuongoza mwendo kwenye kibodi, kipanya cha gharama hakitamwokoa. Anayefika mwisho wa njia hiyo na kununua kipanya cha kushoto au chenye vitufe pande zote hana budi kukitunza kwa muda mrefu kuliko wengine, maana toleo lake linaweza kuondolewa sokoni wakati wowote. Kinachokufa kwanza huwa ni swichi ya kitufe kikuu, ambayo huanza kubofya mara mbili pale kidole kinapobonyeza mara moja, na katika vipanya vinavyotumia swichi za kawaida zenye miguu mitatu, fundi wa simu mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuitoa na kuweka nyingine ya aina hiyohiyo, bila kugusa umbo ambalo mwenye kipanya alihangaika kulitafuta.